Mwenzetu Anayevaa Mfuko Tumboni Asiachwe Peke Yake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba za kambi, posho, na mnyapara anayezidisha kipande. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Ni habari ya mfanyakazi aliyepasuliwa tumbo, ncha ya utumbo wake ikatolewa nje, akapewa mfuko wa kupokea choo ubavuni. Mtu huyo yupo kiwandani na yupo shambani. Kama hujapata kumwona, ni kwa sababu anajificha. Na kama anajificha, sisi wenzake tumechangia.

Maoni yangu ni haya: kumtia moyo mgonjwa huyu mpaka arudi katika maisha yake si kazi ya mkewe au mumewe peke yake, wala si sadaka ya watu wenye huruma. Ni kazi ya tawi la chama, kama ilivyo kazi ya tawi kudai glavu, buti na maji ya kunywa. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kazi hiyo ifanywe namna gani.

OPERESHENI YENYEWE NI NINI

Kwanza tuelewane, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Chakula kikishasagwa hupita katika utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana, kisha hutoka. Njia hiyo ikiziba, ikitoboka au ikioza mahali, daktari hukata sehemu mbovu. Pengine haiwezekani kuunga utumbo siku hiyo hiyo. Basi huvuta ncha ya utumbo mpaka nje ya ngozi ya tumbo na kuishona hapo. Tundu hilo huitwa stoma. Likiwa la utumbo mpana, operesheni huitwa kolostomia. Likiwa la utumbo mwembamba, huitwa ileostomia. Stoma haina msuli wa kufunga na kufungua, kwa hiyo choo hutoka bila mwenyewe kuweza kujizuia. Ndiyo sababu huvaliwa mfuko uliobandikwa juu ya ngozi.

Nani hupatwa na jambo hili? Mtu yeyote. Kuna ugonjwa wa utumbo kujisokota, ambao huwapata sana wanaume katika sehemu zetu hizi za Afrika. Kuna homa ya matumbo, yaani taifodi, ambayo ikiachwa bila dawa huweza kutoboa utumbo. Kuna saratani ya utumbo mpana. Kuna ajali za barabarani, majeraha ya kisu na ya risasi. Kuna akina mama walioumia vibaya wakati wa kujifungua, na watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Katika hayo yote hakuna laana, hakuna uchawi, na hakuna malipo ya dhambi. Tena stoma haiambukizwi kwa kukaa karibu, wala kwa kula sahani moja na mwenye mfuko.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi stoma huwa ni ya muda. Utumbo ukishapumzika na kupona, daktari huuunga tena na kulifunga tundu baada ya miezi kadhaa. Wengine stoma yao ni ya maisha, na watu hao huishi, hufanya kazi, huoa na kuolewa, na wanawake huzaa. Stoma yenyewe ni nyekundu na ina unyevu kama upande wa ndani wa mdomo. Ukiigusa haiumi, na ikitoa damu kidogo wakati wa kuoshwa si ajabu. Mwanzoni huvimba, lakini uvimbe hupungua katika majuma 6 hadi 8 ya kwanza.

Haya ndiyo maelezo ambayo mgonjwa angepaswa kuyapata kabla hajaingizwa chumba cha operesheni. Lakini wenzetu wengi huletwa hospitali usiku, tumbo limejaa kama ngoma, na operesheni hufanywa kuokoa roho. Hakuna nafasi ya mazungumzo marefu. Mtu huamka asubuhi, anapapasa tumbo, anakuta mfuko. Hapo ndipo ugonjwa wa pili unapoanza, nao hauonekani kwa macho.

JERAHA LISILOSHONWA

Tufikiri kidogo. Kujizuia haja ndiyo adabu ya kwanza ambayo mtoto hufundishwa, kabla hajajua hata kusalimia wakubwa. Kwa adabu hiyo huhesabiwa kuwa ameanza kukua. Sasa mtu mzima, baba wa watoto, fundi wa mashine, mama anayeongoza kundi la wachumaji chai, anaona amerudishwa nyuma ya mtoto wake mdogo. Choo kinatoka bila idhini yake. Tumbo linatoa sauti mbele za watu. Anadhani kila anayekunja pua amekunja kwa ajili yake. Mtu aliyevumilia kisu cha daktari hushindwa kuvumilia mlio wa tumbo lake mwenyewe akiwa katikati ya watu.

Basi huanza kujitenga. Haendi tena kwenye mkutano, msibani wala harusini. Hapandi gari la abiria. Hulala peke yake pembeni. Wengine huanza kujinyima chakula na maji ili mfuko usijae, na hilo ni la hatari kubwa, hasa kwa mwenye ileostomia. Mtu huyu hupoteza maji na chumvi nyingi kuliko mtu mwingine, na akikaa na kiu katika jua la shambani anaweza kuanguka. Wengine hujitupa katika pombe. Wengine huacha kazi kimya kimya. Anatoweka katika orodha ya mshahara, nasi tunasema amerudi kwao.

Hii si tabia mbaya wala si udhaifu wa mtu mmoja. Ni msiba. Mtu amefiwa na mwili aliouzoea. Aliyefiwa huombolezewa, huketiwa matanga, huletewa uji na maneno. Lakini aliyepoteza njia yake ya haja hakuna anayemkalia matanga, maana msiba wenyewe haumkiki kutajwa. Akilia, huambiwa ashukuru kwa kuwa yu hai. Ni kweli yu hai, na ni kweli ashukuru. Lakini shukrani haikatazi machozi.

UKOO WETU UTATOSHA?

Najua wapo watakaosema: mambo ya kutafuta washauri ni ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Siupuuzi ukoo. Mgonjwa anayeogeshwa na mama yake na kulishwa na dada yake amepata kitu ambacho hospitali haiuzi. Lakini tuangalie maisha yetu yalivyo. Wengi katika mashamba ya miwa na ya chai wametoka mbali, wengine wamevuka mpaka. Ukoo uko mwendo wa siku mbili. Hapa kambini kuna chumba kimoja, mke, watoto wanne na pazia. Mke naye ameogopa. Hajawahi kuona utumbo wa mtu ukiwa nje ya ngozi. Anamhudumia mumewe mchana na usiku anajiuliza maswali ambayo hathubutu kumwuliza mtu. Nani anamshika mkono yeye?

Tena ndugu anaweza kukupenda sana na bado asijue. Atakuambia, "Utapona tu." Hawezi kukuambia mfuko unamwagwa lini, ulale upande gani, na ufanye nini ukifunguka ukiwa katikati ya shamba. Anayeweza kukuambia hayo ni aliyepita njia hiyo. Akikuambia kwamba miezi ile ya kwanza naye alitaka kufa, na leo umemwona amesimama mbele yako na shati lake safi, na wala hukujua kama amevaa mfuko mpaka alipokuambia, neno lake litaingia mahali ambapo neno la ndugu yako haliwezi kufika.

WALIOANZA WALIKUWA WAGONJWA WENYEWE

Hata katika nchi tajiri msaada wa namna hii haukuanzishwa na wakubwa. Mjini New York, katika hospitali ya Mount Sinai, wagonjwa waliofanyiwa ileostomia walianza kukutana mwanzoni mwa miaka ya 1950, ili kufundishana na kutiana moyo. Kundi lao liliitwa QT kwa sababu walilazwa katika wodi Q na wodi T. Uingereza wagonjwa waliunda chama chao mwaka 1956. Mwaka 1975 vyama vya nchi mbalimbali viliungana katika chama kimoja cha kimataifa.

Mwanamke mmoja wa jimbo la Ohio huko Marekani, Norma Gill, aliugua utumbo kwa miaka mingi, akafanyiwa ileostomia mwaka 1954 na daktari Rupert Turnbull katika hospitali ya Cleveland Clinic. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alipopata nafuu alianza kuwasaidia wenzake waliopatwa na jambo lile lile. Daktari Turnbull aliona kwamba mwanamke huyu anajua mambo ambayo madaktari hawayajui, akamwajiri mwaka 1958. Mwaka 1961 shule ya kufundisha kazi hiyo ilianzishwa hapo hapo Cleveland. Leo wauguzi wa stoma wapo katika nchi nyingi duniani, na kazi yao ilianzia kwa mgonjwa mmoja aliyekubali kukaa karibu na kitanda cha mgonjwa mwingine.

Na mfuko wenyewe wa kubandika ulitoka wapi? Denmark, mwaka 1954, muuguzi Elise Sørensen alikuwa na ndugu yake wa kike aliyefanyiwa operesheni hiyo. Ndugu yake huyo aliogopa kutoka nje, kwa kuhofia kuvujiwa mbele za watu. Sørensen akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi wa kubandikwa kwenye ngozi. Ilimbidi atafute mwenye kiwanda wa kuutengeneza. Aage Louis-Hansen, mwenye kiwanda cha plastiki, hakuvutiwa mwanzoni. Mkewe Johanne, ambaye naye alikuwa muuguzi, ndiye aliyemshawishi akakubali. Angalieni jambo hili vizuri, ndugu. Kifaa hiki kinachotumiwa ulimwenguni kote hakikubuniwa kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Kilibuniwa kwa sababu ya aibu ya mwanamke mmoja aliyejifungia nyumbani. Aibu yake ilichukuliwa kuwa jambo zito, na watu wakaifanyia kazi.

Sisi nasi tuichukue kuwa jambo zito. Yafuatayo yamo katika uwezo wa tawi.

KAZI YA TAWI

Kwanza, tawi limtafute mtu mmoja wa kumtembelea. Kama yupo mfanyakazi, au mke au mume wa mfanyakazi, aliyewahi kuvaa mfuko na ambaye yuko tayari kusema, huyo ndiye mwalimu. Kama hayupo hapa, katibu aulize matawi ya jirani na aulize masista wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya wilaya. Wao huwajua waliopita mikononi mwao, nao wanaweza kuwauliza kama watakubali kukutana na mgonjwa mpya. Nauli ya mgeni huyo ilipwe na tawi. Ni fedha kidogo kuliko tunazochanga kwa ajili ya mazishi, na huyu bado yu hai.

Pili, siri ilindwe. Hapa tusikosee. Ugonjwa huu si habari ya kutangaza mkutanoni, hata kwa nia njema ya kuchangisha. Mwenye kuamua nani ajue ni mgonjwa mwenyewe. Ajue katibu na mtu mmoja wa kamati, basi. Kama mgonjwa ni mwanamke, atembelewe na mwanamke. Michango inaweza kukusanywa kwa jina la "mwenzetu mgonjwa" na isiulizwe zaidi. Kamati isiyoweza kufunga mdomo isiianze kazi hii, maana itaongeza jeraha juu ya jeraha.

Tatu, ndimi zetu. Kiwandani tunataniana, na utani ni chumvi ya zamu ndefu. Lakini upo utani unaoua. Anayemtania mwenzake kwa harufu au kwa mlio wa tumbo aonywe na mwakilishi wa wafanyakazi papo hapo, kama angeonywa kwa kucheza na mkanda wa mashine inayozunguka.

Nne, choo. Mtawacheka viongozi wanaosema choo ni jambo la moyo, lakini ndivyo kilivyo. Mwenye mfuko anapaswa kuumwaga ukifika theluthi moja hadi nusu. Haungoji kengele ya mapumziko wala ruhusa ya mnyapara. Anahitaji choo kilicho karibu, mlango unaofungwa kwa ndani, maji, sabuni, na mahali pa kutundika vitu vyake. Shambani, ambako choo kiko mwendo wa nusu saa au hakipo kabisa, mtu huyu hawezi kuwa na amani hata akipewa maneno matamu namna gani. Mdaini choo hicho, nao wanawake wote walio katika siku zao watakushukuruni. Hakuna mfanyakazi atakayepata hasara kwa kuwa na choo chenye mlango.

Tano, aina ya kazi. Baada ya operesheni misuli ya tumbo imekatwa, na mtu akiinua mizigo mapema anaweza kupata ngiri pembeni ya stoma. Asirudishwe kwenye kubeba magunia ya sukari ya kilo 50 au kupakia miwa kabla daktari hajaandika kwamba anaweza. Pampu ya kunyunyizia dawa ina mkanda unaobana kiunoni, na nailoni ambayo wachumaji chai hujifunga kuzuia umande hubana mahali pale pale. Zipo kazi nyingine: kupima majani, kitalu cha miche, stoo, ukaguzi wa nguo, ulinzi wa geti. Mtu aliyepewa kazi anayoiweza hujiona tena kuwa mtu. Hiyo ni dawa ya moyo ambayo mshauri hawezi kuitoa.

SHERIA ZETU HAZIJAMFIKIRIA

Sita ni mkataba wa pamoja, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mkataba wa hali bora. Hofu kubwa inayomkosesha mgonjwa usingizi kitandani ni kwamba atapoteza kazi. Na hofu hiyo si ya kuwaza tu.

Tazameni sheria za majirani watatu. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ukiisha mwezi wa pili na bado hajaweza kurudi, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba akifuata masharti yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, yaani siku 63 za mshahara kamili na siku 63 za nusu.

Sasa pigeni hesabu ya mgonjwa wetu. Operesheni ya kwanza inataka majuma 6 hadi 8 ya kupona. Kufunga stoma mara nyingi hufanywa baada ya miezi mitatu hivi au zaidi, na mgonjwa asiye na fedha hungoja zamu yake muda mrefu kuliko huo. Operesheni ya pili inataka majuma mengine ya kupona. Sheria ya Kenya imekwisha kabla nyuzi hazijatolewa na kukauka vizuri. Ya Uganda imekwisha mgonjwa akiwa bado na mfuko. Ya Tanzania, iliyo ndefu kuliko zote, inaweza kuliwa karibu nusu yake na operesheni ya kwanza, na mzunguko bado haujaisha.

Kwa hiyo tusingoje bunge. Mkataba wa pamoja unaweza kutoa kuliko sheria inavyotoa, na kuna mikataba inayofanya hivyo. Tudai kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi aliye katika matibabu ya operesheni mbili nafasi yake italindwa mpaka operesheni ya pili ipite, na kwamba akirudi atapewa kazi nyepesi kwa kiwango kile kile cha mshahara. Hatuombi jambo geni. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1983, unasema lengo ni kumwezesha mtu mwenye upungufu wa mwili kupata kazi inayomfaa, kubaki nayo na kupanda ndani yake, na unataka vyama vya wafanyakazi vishauriwe juu ya utekelezaji wake. Kama tunapaswa kushauriwa, basi tuwe na la kusema.

Saba, mifuko. Katika hospitali nyingi za nchi zetu mifuko ya stoma ni haba na bei yake ni kubwa kwa mtu wa kipande. Wengi hujitengenezea kwa vitambaa na plastiki, ngozi ikachubuka na harufu ikatoka. Ngozi iliyochubuka hufanya kibandiko kisishike, kibandiko kisiposhika mfuko huvuja, na ukivuja mara moja mbele za watu mtu hatoki tena nyumbani. Akiba ya ushirika wa kuweka na kukopa, au mfuko wa ustawi wa tawi, inaweza kununua kwa jumla na kumpunguzia bei. Zahanati ya kampuni idaiwe ihifadhi akiba ndogo.

KWAKO WEWE MWENYE MFUKO

Ndugu yangu, dada yangu, maneno haya ni yako. Kulia kwako si woga. Jitazame tumbo, hata kama siku ya kwanza ni kwa jicho moja. Jifunze kuumwaga na kuubadilisha mwenyewe, maana kila unachokijua kwa mikono yako kinapunguza hofu. Osha ngozi kwa maji safi, ikaushe kabla ya kubandika, usipake spiriti wala dawa kali. Kula. Kunywa maji, na kama una ileostomia mwulize muuguzi juu ya maji ya chumvi na sukari siku za jua kali au za kuhara. Beba mfuko wa akiba, kitambaa na maji unapotoka. Ukiona stoma imekuwa nyeusi, au haitoi kitu na tumbo linauma na kutapika, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Chagua mtu mmoja umwambie kweli. Huna haja ya kumi. Usimkimbie mwenzako wa ndoa kabla hajakukimbia. Mwambie unaogopa nini, naye akuambie anaogopa nini. Mwulize daktari lini mnaweza kurudiana kama mume na mke. Ni swali la haki wala si utovu wa adabu. Kama wewe ni Mwislamu na umeacha sala kwa kudhani huna tohara, mwendee shehe. Wanazuoni wengi humhesabu mtu kama wewe kuwa ana udhuru, na wameweka utaratibu wake wa kutawadha. Kama wewe ni Mkristo na umeacha kanisa kwa kuogopa mlio wa tumbo, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, lakini ingia.

Na ukiona usiku umekuwa mrefu kuliko unavyoweza kuubeba, ukaanza kuwaza kujiondoa duniani, mwambie mtu siku hiyo hiyo, na uende zahanati. Huo nao ni ugonjwa, na una matibabu.

Siku moja nguvu zikikurudia, tutakuomba utusaidie. Tutakuomba ukae karibu na kitanda cha mwingine. Hapo utaona kwamba jambo ulilolificha ndilo ambalo mwenzako alikuwa akilisubiri kulisikia.

NENO LA MWISHO KWA TAWI

Wapo viongozi watakaosema chama kina mambo makubwa, mishahara iko chini, wanaofukuzwa kazi ni wengi, na wenye mifuko ni wachache. Ni kweli ni wachache. Lakini chama hakikuundwa kwa hesabu ya wengi dhidi ya mmoja. Kiliundwa ili mmoja asisimame peke yake mbele ya jambo linalomzidi nguvu. Mwajiri tunapomwambia kwamba mfanyakazi si mashine, ni lazima sisi wenyewe tuwe wa kwanza kuamini hivyo. Mashine ikiharibika mrija hutupwa nyuma ya karakana na kufunikwa turubai. Mtu hafunikwi turubai.

Basi katika mkutano ujao wa kamati, ajenda iwe na mstari mmoja: nani katika tawi letu ametoka hospitali na hajaonekana tangu hapo? Aulizwe kwa upole, na mmoja aende akamwone. Asiende na hotuba. Aende na sabuni, chumvi na sukari, na masikio.

Umoja ni nguvu, hata kwa yule aliye nyuma ya pazia.